Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua kipande cha kwarteti kwa mashindano ya shule

Walimu wengi wakitafuta kipande cha kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa vayolini mbili, viola (vayolini kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi) na selo, humtazama kwanza mpiga vayolini wa kwanza: vidole vyake vina kasi gani, anafika noti za juu kiasi gani. Mimi nashauri uanzie kwa wale wasioonekana. Keti na mpiga viola na mpiga vayolini wa pili, wape kurasa zao wapige peke yao, uwasikilize hadi mwisho. Hao ndio watakaoamua kama kipande kitasimama jukwaani, maana mwamuzi mzoefu huisikia sauti ya katikati ikiyumba hata pale vayolini ya kwanza inapong'ara.

Ndiyo sababu naipenda mno sehemu ya pili ya kwarteti ya mtunzi Haydn, Opus 76 namba 3 (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ya mwaka 1797. Wimbo wake ndio ambao leo Wajerumani wanauimba kama wimbo wa taifa. Ukishapigwa mara ya kwanza, unapokezanwa: vayolini ya pili, kisha selo, kisha viola, halafu unarudi kwa vayolini ya kwanza. Kila mtoto anasikika. Lakini angalia zamu ile ya vayolini ya pili. Viola na selo zimenyamaza, na anayemsindikiza ni vayolini ya kwanza peke yake, inayomzunguka kwa noti za mbio. Mtoto mwenye woga atahitaji kuandaliwa mapema kwa zamu hiyo. Kazi kubwa ya sehemu hii iko kwenye upinde, kuushika wimbo wa polepole bila sauti kukatika, na hilo halifundishwi kwa wiki moja.

Kama una mpiga viola hodari, fikiria kwarteti ya mtunzi Dvořák, Opus 96, aliyoitunga mwaka 1893 akiwa Spillville, Iowa, nchini Marekani. Hapo wimbo wa kwanza huanzishwa na viola. Bila mtu huyo, iache. Kwa watoto wadogo zaidi kuna zile kwarteti sita za Mozart, K. 155 hadi 160 (K. ni namba katika orodha ya kazi zake), alizotunga akiwa kijana wa miaka 16 na 17. Kila moja ina sehemu tatu fupi, nazo ni muziki kamili, si mazoezi ya vidole.

Kanuni zisome kabla hujanakili ukurasa hata mmoja. Kwa shule zinazoshiriki Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, fuata silabasi ya mwaka mnaoshindana, usitegemee ya mwaka uliotangulia. Uliza kama sehemu moja ya kwarteti inakubalika, na mwamuzi anataka nakala gani ya nota. Pima muda kwa saa, marudio yakiwemo. Ile sehemu ya Haydn huweza kupita dakika 6. Ukipewa dakika 5, tafuta kipande kingine, usimnyang'anye mtoto zamu yake ya wimbo ili kuokoa muda.

Kisha wapige chote kwa mwendo wa taratibu, wakikosea wasisimame. Ikifika wiki ya pili bado kila mmoja anahesabu kivyake na hawasikilizani, badilisha kipande mapema.