Intaneti Ikizimwa: Mambo ya Kuandaa kwa Mkazi wa Mtwara na Lindi

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima na ikachukua siku kadhaa kurejea. Huku kwetu Oktoba ni mwezi wa korosho, na mkulima wa Newala au Tandahimba aliyezoea kupata habari za mnada kwenye kundi la WhatsApp hubaki na simu ya kawaida peke yake. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa kuwa njia inayobaki ndiyo iliyo wazi kuliko zote.

Ujumbe wa WhatsApp au Signal hufungwa kwa msimbo tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, ilhali maongezi na meseji za kawaida humfikia mtoa huduma zikiwa hazina kifuniko. Hata pasipo mtu kusikiliza, kumbukumbu hubaki ya nani kampigia nani, saa ngapi na kupitia mnara upi, na kwa kuwa laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kumbukumbu hiyo ina jina. Wapo wanaoamini kwamba kubadilisha laini kunatosha. Hakutoshi, maana simu yenyewe ina namba ya IMEI, yaani namba yake ya utambulisho (bonyeza *#06# uione), na mtoa huduma huiona namba hiyo hata ukiweka laini mpya.

Kwa hiyo, kabla ya siku zenye wasiwasi, kubalianeni nyumbani saa ya kupigiana na maneno machache yatakayotosha kujulishana kuwa mko salama, bila kutaja majina wala mahali. Namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi. Huduma za fedha za nyota na reli hazihitaji bando, lakini wakala anaweza kuishiwa na floti, basi weka taslimu kidogo pamoja na redio ya betri.

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mahali pengine, husaidia pale tovuti au programu fulani inapofungiwa. Intaneti ikizimwa yote, haina pa kupita. Isitoshe, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kuzisajili, hivyo soma kanuni kwanza. Na si kila kukatika ni amri ya mtu: Mei 2024 zilikatika nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na Seacom.

Msimbo haukusaidii kitu simu ikiwa mikononi mwa mwingine. Weka namba ya siri ndefu badala ya kidole, ambacho mtu anaweza kukubonyezesha hata ukiwa usingizini, kisha washa mpangilio wa ujumbe unaojifuta.

Na ukiwa na safari ya faragha, tuseme kutoka Mikindani kwenda Masasi, usitegemee kuzima GPS, kwa sababu minara itaendelea kuitambua simu njia nzima. Iache nyumbani tangu mwanzo. Ukiizimia njiani, mnara wa mwisho utabaki na kumbukumbu ya mahali ilipopotelea.