Namna ya Kuchambua Mbinu za Balagha katika Hotuba ya Lumumba ya Juni 30, 1960

Wanafunzi wengi wanaopewa hotuba ya Patrice Lumumba ya siku ya uhuru wa Kongo waichambue hukimbilia kuorodhesha: takriri (kurudiarudia maneno) hapa, tashtiti (swali ambalo jibu lake linajulikana) pale, ukinzani (kuweka vinyume pamoja) kule. Orodha ya namna hiyo haina uzito, kwa sababu mbinu ya balagha, yaani ya kushawishi kwa maneno, ni kazi ambayo msemaji anaifanya mbele ya watu fulani, na huwezi kuieleza kazi hiyo kabla ya kuwajua watu hao.

Kwa hiyo anza na ukumbi. Sherehe ya uhuru wa Kongo ilifanyika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, katika Palais de la Nation. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alihutubu kwanza, akaueleza uhuru huo kuwa ni kilele cha kazi iliyobuniwa na Mfalme Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeanzisha ukoloni wa Kongo. Rais Joseph Kasa-Vubu akafuata kwa maneno ya upole. Lumumba, waziri mkuu, hakuwamo katika ratiba ya wasemaji. Alisimama, akazungumza kwa Kifaransa, na watu wa kwanza aliowasalimu walikuwa wanaume na wanawake wa Kongo, wapiganaji walioibuka na ushindi. Mfalme ameketi pale pale, lakini siye anayesemeshwa. Liandike jambo hilo juu kabisa ya karatasi yako, maana mbinu zote zinazofuata zinategemea uteuzi huo wa hadhira.

Kisha isome hotuba kwa sauti, ukipigia mstari mianzo ya sentensi. Utakuta takriri ya "tumeyapitia": tumepitia kazi za kuchosha, tumepitia kejeli, matusi na vipigo asubuhi, mchana na jioni. Usiishie kusema kwamba takriri "inasisitiza ujumbe", kwani kauli hiyo inaifaa hotuba yoyote duniani. Takriri hii inageuza mateso ya mtu mmoja mmoja kuwa ushahidi wa umma, tena unaotolewa mbele ya mfalme aliyetoka kusifu ukoloni.

Simama kwa muda mrefu zaidi kwenye sentensi ya ujira. Lumumba anasema kwamba malipo ya kazi hizo hayakuwawezesha kula wakashiba, wala kuvaa au kuishi mahali pa staha, wala kuwalea watoto wao kama viumbe wapendwa. Angalia mpangilio: tumbo, mwili, nyumba, mwisho mtoto. Kila kikanushi kinapanda daraja moja, hadi msikilizaji anafikishwa mahali ambapo dhuluma si suala la fedha tena. Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi yenye nguvu kuliko zote katika hotuba, ingawa wachambuzi wengi huipita haraka.

Ukinzani hautakusumbua kuupata. Nyumba za fahari za Wazungu zimewekwa ubavuni mwa vibanda vinavyobomoka vya Waafrika. Mweusi anasafiri chini katika tishari, miguuni pa Mzungu aliye katika chumba chake cha anasa. Katika mfano wa pili chombo ni kimoja, na tofauti inapimwa kwa juu na chini, hivyo taswira moja inabeba mfumo mzima.

Orodha ya mateso inafungwa kwa tashtiti: nani atasahau risasi zilizowaangamiza ndugu zetu wengi? Swali hilo linamwachia msikilizaji jibu, na Wakongo waliokuwamo ukumbini waliikatiza hotuba kwa makofi mara kadhaa.

Rudi nyuma kidogo utafute mahali anapokiri kwanza ndipo ageuze: uhuru umetangazwa kwa makubaliano na Ubelgiji, nchi rafiki iliyo sawa na Kongo, lakini hakuna Mkongo wa kweli atakayesahau kwamba ulipatikana kwa mapambano. Halafu tia alama kwenye tamko kwamba yote hayo sasa yamekwisha. Kuanzia hapo vitenzi vinaingia wakati ujao, ilhali nafsi inabaki "sisi".

Unapoandika, kila aya ibebe mbinu moja, dondoo lake, na kile inachomfanyia Mkongo aliyesikiliza pamoja na Mbelgiji aliyeketi mbele. Ukimaliza, tafuta maneno ya maridhiano aliyoyatoa Lumumba siku hiyo hiyo kwenye karamu ya mchana, akiwashukuru Wabelgiji, uyachambue kwa utaratibu huu huu na uandike ni mbinu zipi amezibakiza na zipi ameziacha baada ya hadhira kubadilika.