Sitini si tisini: kujitolea na simu ya upepo, kutoka Kigoma

Mwaka wa kwanza tuliposimamia mawasiliano ya mbio za hisani kutoka Ujiji mpaka Kigoma mjini, mimi nilikaa Mwanga kama kituo kikuu. Ujiji wakaniita: kuna mkimbiaji amekaa chini anatapika, gari limfuate. Namba yake? Kwa ule mkwaruzo wa redio nikasikia "tisini". Dereva akamsaka tisini, akamkuta anapanda mlima na pumzi zake zote, kijana wa watu akagoma katakata kupanda gari. Mgonjwa alikuwa sitini, mama mtu mzima, amejikalia chini ya mwembe dakika 18 anatusubiri sisi. Alipata nafuu, Mungu saidia, na hadi leo akipita kwenye kibanda changu cha ufundi huniita "Bwana Tisini".

Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kujitolea huanza na swali la redio: ninunue ipi, ina wati ngapi. Mimi huwapa daftari na kalamu. Kazi hii ni kusikia na kuandika, na ndiyo maana nitakaa sana kwenye hayo mawili.

Ila leseni kwanza. Redio ya ridhaa, yaani redio ya wapenda mawasiliano wasiolipwa, haiendeshwi kwa malipo, lakini pia haiendeshwi kiholela. Leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ishara ya kituo chako itaanza na 5H, alama ya Tanzania. Kama huna, usibonyeze kitufe cha kusemea. Zile redio ndogo za mkononi zilizojaa madukani hutuma popote utakapozielekeza, hata kwenye masafa ya watu wa usalama, na hapo utajieleza mwenyewe. Asiye na leseni bado ana kazi kubwa: siku ile tulikuwa watatu tu wenye leseni, na kuanzia mwaka wa pili kila mmoja wetu alikaa na mwandishi pembeni. Waandishi hao ndio waliotuondolea aibu.

Kabla ya siku yenyewe

Ipite njia yote ukiwa na redio, wiki moja kabla, kwa miguu au nyuma ya bodaboda. Sisi hutumia masafa ya mita mbili, yaani megahezi 144 hadi 146, na mawimbi haya huenda kama macho: kilima kikikuziba, kimekuziba. Pale 145.500 ni pa kuitana tu. Mkishasikilizana, hamieni masafa mengine mliyokubaliana, mwache njia wazi.

Kuna hesabu moja ya kukadiria umbali, ichukue. Pima kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha jumlisha. Watu wawili waliosimama ufukweni, antena zikiwa mita moja na nusu juu ya maji, watasikilizana kama kilomita 10 ziwani. Mmoja akipanda kilima cha mita 100 juu ya ziwa, zinakuwa kama 46. Redio ni zilezile, wati tano zilezile. Kwa hiyo hela ya kununua redio kubwa mpe mwenye bodaboda akupandishe kilimani.

Redio ya mkononi ina udhaifu wake: kile kiantena cha mpira ni nusu tu ya antena, hakina nusu ya pili ya kushirikiana nayo. Chukua waya laini wa sentimita 49, ufunge kwenye duara la chuma pale antena inapoingilia, uache uning'inie kama mkia. Mwalimu mmoja tuliyemweka kwenye bonde alikuwa hasikiki kabisa, tukamfungia mkia, akaingia. Hakikisha tu waya haugusi ile pini ya katikati.

Kisha kaa na wenye shughuli yao. Uliza mambo matatu: ujumbe wa mgonjwa unakwenda kwa nani, wa barabara kwa nani, wa maji kwa nani. Wewe ni tarishi. Ukianza kuamua gari liende wapi, siku mambo yakiharibika utakuwa daktari bila kusomea.

Namna ya kusema

Bonyeza kitufe, hesabu moja, ndipo useme. Watu wengi hubonyeza na kusema kwa mpigo, "Ujiji" ikafika "jiji", na hapo kila mtu anadhani ameitwa Dar. Shika redio wima, vidole vinne kutoka mdomoni, useme kwa upande kidogo ili pumzi isipige kipaza sauti. Usipige kelele. Anayepiga kelele husikika vibaya kuliko anayenong'ona.

Namba zitaje tarakimu moja moja. Kiswahili chetu kitamu lakini kwenye mkwaruzo sitini na tisini ni mapacha. Sema sita-sifuri. Sema tisa-sifuri. Majina ya mahali nayo yana mapacha wake: Katonga na Katubuka, ukimkata mtu katikati umempeleka kwingine. Ongeza alama: "Katonga, kwa wavuvi." Herufi za kutaja neno tumia Alfa, Bravo, Charlie za kimataifa, hasa kwa sisi ambao L na R hupokezana zamu mdomoni.

Mwaka wa pili ujumbe kama ule ulikwenda hivi, anayeitwa akitajwa kwanza:

"Mwanga, Ujiji."

"Ujiji, Mwanga, sema."

"Mgonjwa. Namba moja-nne-tisa, narudia, moja-nne-tisa. Yuko kwenye kumbukumbu ya Livingstone, getini. Anaongea, mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Naomba gari. Ova."

"Nimepata. Moja-nne-tisa, Livingstone getini, anaongea, mguu umevimba, hawezi kukanyaga, gari. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Ova."

"Ndivyo. Ova."

Angalia kilichofanyika pale katikati. Mwanga hakusema "sawa, nimekupata". "Nimekupata" inathibitisha kwamba sauti imefika, ya ujumbe haijulikani. Amerudisha kila kitu, na Ujiji ndiye aliyesema ndivyo. Angalia pia kwamba jina la mgonjwa halikutajwa. Redio ya ridhaa haina siri, kuificha kwa mafumbo hairuhusiwi, na mwenye redio yoyote anasikia. Mume wa mtu asipate habari za mkewe kwa jirani mwenye redio dukani. Ishara zenu za 5H zitajeni mwanzoni na mwishoni mwa maongezi. Katikati majina ya vituo yanatosha.

Sasa daftari. Mdomoni sema saa ya Kiswahili na utaje asubuhi, mchana au usiku, lakini daftarini andika saa 24. Ile saa tatu na dakika 12 iandikwe 09:12. Mwandishi wangu wa kwanza aliandika 3:12, na jioni kamati wakatuuliza mgonjwa wa saa tisa alasiri alitoka wapi ilhali mbio ziliisha saa tano. Ukiwasiliana na vituo vya nje, daftari la kimataifa linatumia UTC, saa moja ya dunia nzima: kwenye saa yetu toa tatu, 09:12 iwe 06:12. Mistari iwe mifupi: saa, kutoka, kwenda, ujumbe, na alama ya vema ikishafika kwa mhusika. Ujumbe usio na vema haujafika, hata kama umeusema kwa sauti nzuri.

Siku simu zikinyamaza

Mnara wa simu ni mashine kama jokofu. Umeme ukikatika unaishi kwa betri na jenereta, na mafuta yakiisha au barabara ikikatika, basi. Hata ukiwa mzima, maafa yakitokea kila mtu anapiga simu kwa wakati mmoja, njia inajaa. Redio kwa redio haihitaji mnara. Miaka ya 2020 na 2021 ziwa Tanganyika lilipopanda likaingia kwenye nyumba na mialo ya ufukweni, ndipo nilipoanza kuweka antena ya waya ya kufika mbali tayari nyumbani.

Lakini simu ikiwa inafanya kazi, itumie: 112, na 114 kwa zimamoto na uokoaji. Usiende kwenye maafa kwa sababu una redio. Jitambulishe kwa kamati ya maafa ya wilaya wakati wa kiangazi, watu wakiwa na nafasi ya kukusikiliza, waijue namba yako na mahali ulipo. Na yale ya ng'ambo myajue: kanuni za kimataifa huruhusu kituo cha ridhaa kupeleka ujumbe wa mtu mwingine kuvuka mpaka wakati wa dharura na maafa tu. Salamu za mjomba aliyeko Kalemie zisubiri mtandao urudi.

Kwa kufika Tabora, takribani kilomita 400 kwa reli, mita mbili haziwezi. Tumia mita 40, yaani megahezi 7.0 hadi 7.2, na hapa waya unafungwa chini kwa makusudi, mita nne au tano tu kutoka ardhini. Mawimbi yanapanda wima, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi kama mvua na kumwagikia mkoa mzima, milima na mabonde. Mchana yanafika vizuri. Usiku mita 40 huruka mbali na kumwacha jirani, kwa hiyo shuka mita 80. Kwa kanda yetu ya kimataifa ya redio, vituo vya dharura hukutania megahezi 7.110 kwenye mita 40 na 3.760 kwenye mita 80.

Kutengeneza antena yenyewe: gawa 142.5 kwa masafa ya megahezi, kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo. Kata vipande viwili vya waya wa nyumba wa 1.5, kila kimoja mita 10.3, yaani nusu yake na ziada kidogo ya kufungia na kurekebisha. Katikati weka kipande cha bomba la plastiki chenye matundu. Waya mmoja uungane na moyo wa kebo ya ohm 50, mwingine na ganda lake. Funga mshipi wa kuvulia kwenye jiwe, lirushe juu ya tawi la mwembe, vuta kamba, vuta waya. Pima mrejesho wa mawimbi (SWR), yaani nguvu inayorudi redioni badala ya kutoka. Ukizidi mbili, usikate haraka, kunja ncha kidogo kidogo kwa kuzisokota, pande zote sawa.

Mawingu yakijikusanya, chomoa kebo uitupe nje ya dirisha. Watu hutania kwamba radi ni za Sumbawanga. Za Kigoma hazijausikia utani huo.

Mwenye mfano mzuri ni Bharathi Prasad wa India. Desemba 2004 alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa shughuli nyingine kabisa ya wapenda redio. Tsunami ikapiga, simu zikakatika, na kituo chake kikawa cha kupeleka habari za watu bara. Antena ilikuwa tayari juu.

Shughuli ikiisha, chaji betri usiku uleule hata kama umechoka, kisha zungushia waya kwenye ubao usijifunge mafundo. Uandike ubao. Wa kwangu niliuacha bila maandishi, nikakuta mita tatu zimekatwa na mbuzi wa jirani amefungwa kwazo. Sasa una wino mwekundu: ANTENA, 7.1, USIKATE. Mbuzi nilimwachia zile mita tatu.