Kabla hujaliuza gari lako la kilomita laki tatu

Prado langu la mwaka 1998 limefika kilomita 340,000, na kila nikipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa jicho huwa kwenye geji ya joto. Ukiwa na gari la umri huu, usianze na injini. Anza chini. Liinue, shika bisibisi, gongagonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, hasa nyuma na pale springi zinapokaa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito, na bisibisi huzama. Ikizama, liuze. Injini hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza utaichomelea kila mwaka. Sisi wa Dar tuchunguze zaidi, chumvi ya bahari haina huruma.

Kisha asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, uwashe. Mapovu yasiyoisha yanaashiria gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini) au hedi yenyewe imeharibika. Hedi ya 1KZ-TE, injini ya dizeli ya Prado kama langu, ni ya alumini, ikichemka inaweza kupinda au kupasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Halafu daftari. Andika kila shilingi ya spea na fundi kwa miezi 12. Matairi na oili usiyahesabu, hata gari jipya huyala. Linganisha jumla na marejesho ya mwaka mzima ya mkopo wa gari unalolitamani. Langu halikufika hata nusu, nimebaki nalo. Ila likinilaza porini mara mbili na watoto ndani, daftari nitalifunga na gari nitaliuza.