NGO ikitua mtaani kwenu, uliza haya kabla ya picha

Sisi wa huku bondeni Msimbazi tumepokea miradi mpaka tumezoea, wanakuja na tisheti, bango na maji ya chupa, mnapiga picha kando ya mtaro halafu hao wanaondoka. Kuna wengine walituletea mapipa ya taka, mazuri kweli, ila hakuna aliyepanga kirikuu cha kuzipeleka taka dampo la Pugu, mwezi wa pili yamefurika, mwezi wa tatu watu wanahifadhia maji. Mi sipingi NGO jamani, ila mkiziachia ziamue zenyewe nyie mnabaki kuwa watu wa kwenye picha.

Siku hizi tunafanya hivi.

Kwanza waombeni cheti cha msajili wa NGO, yule aliye chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Sheria yao ya mwaka 2002 inataka wasiwe wa chama wala wa kugawana faida, kwa hiyo wakianza kusifia mgombea flani ushajua. Kama una wasiwasi muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Halafu mkutano wa mtaa, hapa ndo penyewe. Msikubali mambo yaishie ofisini kwa mwenyekiti na wajumbe wake, waje wakae mbele ya watu wataje hela ni kiasi gani, ya nani, mpaka lini, na mradi ukiisha nani anabaki na funguo. Hilo la funguo ndo huwa linawatoa jasho. Ila usiulize peke yako utaonekana mkorofi, kaeni kabla watu watatu wanne, mama lishe awepo, bodaboda awepo, mgawane maswali. Ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa nazo ziombeni, kuziandaa ni lazima kisheria sio hisani.

Sasa wakiuliza mnataka nini msikimbilie ndoo na majembe. Waambieni wawafundishe kuifuatilia halmashauri, maana hela ya mfadhili inaisha ila ya halmashauri ipo kila mwaka. Ile mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mfano, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, vikundi vingapi mtaani kwenu vinajua kuandika andiko la kuomba? Kuna sheria ya kupata taarifa ya 2016 pia, unaandika barua unaomba taarifa, wana siku 30 za kukujibu, hakikisha tu nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wanawake wa mtaani waliopita kwenye semina za TGNP, ule mtandao wa jinsia pale Mabibo, uwasikie wakiongea bajeti, mtendaji mwenyewe anakaa vizuri kwenye kiti.

Na fomu ya mahudhurio soma juu kabla hujasaini, hata kama nauli inasubiri. Kuna mama hapa kwetu alisaini ya semina ya kilimo cha alizeti, mpaka leo hajui hiyo alizeti ililimwa wapi.