Jinsi ya Kuyapima Mapokezi ya Mchezo wa Zamani Uliotolewa Upya

Mchezo wa video wa zamani, hasa wa aina ambayo mchezaji huvaa uhusika na kuukuza kwa saa nyingi, unapotolewa upya kwa picha na sauti zilizoboreshwa, maoni yanayofuata huhukumu mambo mawili kwa mkupuo mmoja: mchezo wenyewe, na kazi ya waliouboresha. Anayetaka kujua kama toleo hilo linafaa kununuliwa hana budi kuyatenganisha mambo hayo kabla ya kutazama alama yoyote.

Anza kwa kuuliza kila lawama ilizaliwa lini. The Elder Scrolls IV: Oblivion Remastered, iliyotolewa Aprili 2025 na Bethesda kwa ushirikiano na studio ya Virtuos, inafaa kwa zoezi hili, kwa sababu picha zake huchorwa na injini (programu ya msingi inayoendesha mchezo) mpya, Unreal Engine 5, ilhali mwenendo wa mchezo bado unaendeshwa na injini ya Oblivion ya awali ya mwaka 2006. Mchezaji anayekerwa na maadui wanaoongezeka nguvu kila shujaa wake anapopanda ngazi, yaani anapofikia kiwango kipya cha uwezo, anaulaumu mchezo wa 2006, kwani kero hiyo ilikuwapo tangu mwanzo. Anayesema picha hukwamakwama anapozunguka maeneo ya wazi nje ya miji analilaumu toleo jipya. Naye anayesifu utaratibu mpya wa kupanda ngazi anawasifu waboreshaji, kwa kuwa ule wa awali ulimwadhibu asiyepanga mapema ni stadi zipi azitumie.

Kisha angalia tarehe. Chrono Trigger ya mwaka 1995 ilipofika kwenye kompyuta Februari 2018, ilipokewa kwa hasira kutokana na picha zilizolainishwa vibaya na menyu zilizoonekana kutengenezwa kwa ajili ya simu; masasisho ya miezi iliyofuata yalirekebisha mengi, lakini maoni ya siku za kwanza hayafutiki. Kwa hiyo katika Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, linganisha maoni ya karibuni na maoni yote, na tofauti ikiwa kubwa, tafuta sasisho lililoileta. Kumbuka pia kwamba asilimia inayoonyeshwa hapo ni sehemu ya wachezaji wanaoupendekeza mchezo, si wastani wa alama, hivyo asilimia 90 inaweza kutokana na watu walioridhika kiasi tu.

Pima vilevile anayeandika ni nani. Sifa za mtu anayeukumbuka ujana wake husomeka vizuri, ila hazimfai sana mgeni, ambaye atakutana na mwendo wa polepole na maelekezo haba bila kumbukumbu ya kumliwaza. Binafsi huyapa uzito zaidi maoni ya aliyecheza matoleo yote mawili na anayetaja kilichobadilika. Katika Diablo II: Resurrected ya mwaka 2021 ulinganisho huo ni rahisi, kwani mchezaji anaweza kurudi kwenye picha za zamani papo hapo kwa kubonyeza kitufe.

Kuhusu ufanisi, yaani jinsi mchezo unavyokwenda bila kukwama, tafuta majaribio yaliyofanywa kwenye mashine inayofanana na yako, mengine yapuuze.

Ukiamua kununua licha ya mapokezi mchanganyiko, fahamu kwamba Steam kwa kawaida hurudisha fedha endapo ombi litatolewa ndani ya siku 14 tangu kununua na mchezo umechezwa kwa muda usiofika saa 2. Michezo ya aina hii huanza taratibu, na sehemu ya mwanzo ya Oblivion iko chini ya ardhi, ambako ule mkwamo wa picha hauonekani kwa ukubwa wake. Usimalize muda huo ukirembesha uso wa mhusika. Toka nje mapema, tembea kutoka mji mmoja hadi mwingine, pigana mara kadhaa, kisha ndipo uamue kubaki nao au kuomba fedha zako.