Namna ya Kupima Mechi ya Kwanza ya Kijana Katika Ligi Kubwa ya Ulaya

Jioni moja hapa Ujiji, tulipokuwa tunakusanya mipira baada ya mazoezi ya watoto, kijana anayetangaza michezo katika redio moja ya Kigoma alinijia akaniuliza: "Mwalimu, unajuaje kama dogo amecheza vizuri mechi yake ya kwanza Ulaya, wakati bandani kila mtu ana lake?" Nilimwonyesha daftari langu, na kwa majuma matatu tulitazama mechi pamoja hadi akaweza kulitumia mwenyewe. Ninaandika hapa utaratibu tuliofuata, pamoja na kosa ambalo miaka ya nyuma lilinikosesha usingizi.

Hatua ya 1: Thibitisha ni mechi ya kwanza ya nini

Mechi ya kwanza katika klabu si lazima iwe ya kwanza katika ligi. Mbwana Samatta aliichezea Aston Villa kwa mara ya kwanza Januari 28, 2020, katika nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, na ligi yenyewe akaianza siku nne baadaye. Marcus Rashford, akiwa Manchester United, alifunga mabao mawili dhidi ya Midtjylland ya Denmark katika Ligi ya Europa Februari 25, 2016, kisha mawili mengine dhidi ya Arsenal Februari 28, na ni hayo ya pili tu yanayohusu Ligi Kuu ya England. Andika pia umri. Samatta alikuwa na miaka 27 na alikwishacheza Ubelgiji, kwa hiyo kipimo chake hakiwezi kuwa cha kijana wa miaka 18, ambao ndio umri ambao kanuni za FIFA kwa kawaida huruhusu mchezaji wa Afrika kusajiliwa nje.

Hatua ya 2: Andaa daftari

Daftari la mistari na penseli vinatosha. Sipendi kuhesabu kwa kutumia simu, kwa sababu ujumbe ukiingia jicho linahama. Kumbuka kwamba mechi za Uingereza za Jumamosi alasiri huanza saa 12 jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa 11 jioni wakati wao wa joto. Ukitazama bandani, wahi kiti cha mbele, hasa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani na banda hujaa hadi mlangoni.

Hatua ya 3: Gawa mechi vipande kabla ya kuhesabu chochote

Hapa ndipo nilipokosea. Februari 1, 2020, Villa walikwenda Bournemouth, Samatta akaanza, nami nikaamua kuandika kila alichokifanya: mpira aliopokea, alioupoteza, alioushindania kwa kichwa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa nilijumlisha, nikatamka mbele ya watu kwamba ligi ameimudu ndani ya siku moja. Kesho yake kocha mwenzangu akaniuliza swali moja tu: mambo hayo mazuri yalitokea kabla au baada ya Bournemouth kubaki wachezaji 10? Sikuwa na jibu, kwa kuwa alama zangu hazikuwa na dakika. Usiku huo nilitafuta marudio ya mechi nzima, bando likaisha kabla ya kipindi cha pili, nikaenda kumgongea jirani aniuzie jingine, na adhana ya alfajiri ilinikuta bado nahesabu.

Mechi ile ilikuwa hivi. Philip Billing aliwafungia Bournemouth dakika ya 37, Nathan Aké akaongeza la pili dakika ya 44, Jefferson Lerma akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 51, na Samatta akafunga kwa kichwa dakika ya 70. Ikaisha 2–1. Bao lile lilimfanya awe Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya England, na heshima hiyo hakuna kadi nyekundu inayoweza kuipunguza. Hata hivyo, mshambuliaji anayekabiliana na watu 10 waliorudi nyuma kulinda ushindi huletewa krosi nyingi na hukosa nafasi ya kukimbilia, ilhali wakati timu zikiwa sawa hukutana na kazi nyingine kabisa. Ukizijumlisha kazi hizo mbili, unapata hesabu isiyoeleza lolote.

Kwa hiyo piga mstari kukata ukurasa, na uandike dakika, kila linapotokea mojawapo ya haya: bao, kadi nyekundu, badiliko linalogeuza mfumo, au mchezaji wako kuhamishwa nafasi. Kadi ya njano haihitaji mstari, isipokuwa imepewa beki anayemkaba mchezaji wako moja kwa moja, kwa maana kuanzia hapo beki huyo ataogopa kumwingilia kwa nguvu na winga wako ataonekana hodari ghafla. Dakika za nyongeza ziandike 45+2, usiandike 47, la sivyo utaziingiza katika kipindi cha pili kama nilivyofanya mimi katika marudio yale yale. Umeme ukikatika, au mwenye banda akihamia chaneli nyingine kwa sababu wenye Yanga na Simba wamepiga kelele, andika "sikuona" na idadi ya dakika, usijaze kwa kubahatisha. Na muhtasari wa dakika tatu unaosambazwa baada ya mechi usiutumie kabisa kuhesabia, maana umekatwa ili kuonyesha mashuti na mabao, na kijana aliyepotea kwa nusu saa, humo hutagundua kwamba alipotea.

Kipande kifupi kuliko dakika 10 kiandike, lakini usikitolee hukumu. Lionel Messi aliingia dakika ya 82 dhidi ya Espanyol, Oktoba 16, 2004, akiwa na miaka 17, na mtu ambaye angetaka kumpima kwa dakika zile angekuwa anapiga ramli. Erling Haaland ni habari nyingine: aliingia dakika ya 56 Januari 18, 2020, Dortmund wakiwa nyuma 3–1 kwa Augsburg, akafunga mabao matatu na mechi ikaisha 5–3. Pale kuna zaidi ya nusu saa, na hali ya mchezo alipoingia inajulikana, kwa hiyo kipande kinapimika.

Hatua ya 4: Mtazame asipokuwa na mpira

Kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo mchezaji wako utamkosa muda mwingi. Vizia nyakati ambazo picha hupanuka: kipa anapopiga mpira mrefu, kona, na pale mchezo unapohamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtafute hapo, uone kama amesimama mahali pa kupokea au anatazama tu.

Nikiambiwa nibakize hesabu moja tu, nitabakiza kugeuza shingo: ni mara ngapi anatazama nyuma yake kabla mpira haujamfika. Katika viwanja vyetu vya mchanga mpira hupunguza kasi, na mtoto hupata muda wa kutazama akishatuliza. Kwenye nyasi zilizonyunyiziwa maji mpira huteleza na kufika pamoja na mkabaji, na asiyetazama mapema hujikuta anarudisha nyuma kila pasi. Watangazaji husema "anacheza kwa tahadhari", lakini mara nyingi hajui tu aliye nyuma yake.

Hatua ya 5: Hesabu dakika tano baada ya kosa la kwanza

Atakosea. Tazama kama bado anaomba mpira au anajificha nyuma ya mkabaji. Basi.

Hatua ya 6: Soma alama za programu kesho yake

Sofascore na FotMob, programu za simu zinazompa kila mchezaji alama, nazisoma, ila baada ya kumaliza ukurasa wangu, kwa kuwa nikianza na namba najikuta natafuta sababu za kuiunga mkono. Bao moja huipandisha alama sana, na kazi ya hatua ya 4 karibu yote haimo. Pale namba na daftari vinapopishana, mimi hurudia kutazama kipande husika kabla ya kuamua.

Hatua ya 7: Andika hukumu ndogo

Mechi moja inaweza kujibu swali moja tu, nalo ni kama kasi ya ligi ilimzidi. Federico Macheda alikuwa na miaka 17 alipoingia Aprili 5, 2009 na kuifungia Manchester United bao la ushindi dhidi ya Aston Villa katika dakika za nyongeza, lakini hakuwahi kupata nafasi ya kudumu katika kikosi kile. Victor Osimhen aliondoka Wolfsburg bila bao hata moja la ligi, na msimu wa 2022/23 akawa mfungaji bora wa Italia kwa mabao 26, Napoli wakichukua ubingwa. Ndiyo maana nilimkataza yule mtangazaji kusema hewani "atafika mbali" au "hafai".

Hukumu yenyewe iwe na sentensi tatu, kwa mfano: "Winga, miaka 19, aliingia dakika ya 58 timu ikiongoza 1–0. Alipokea mipira 9, akageuza shingo kabla ya mitano. Kasi haikumzidi, ila beki alimshinda nguvu." Chini yake acha mistari mitano mitupu kwa ajili ya mechi tano za kwanza atakazoanza, uikunje pembe ya ukurasa ili uupate haraka.